Pareto Chumbani

Mwezi wa sita, Kikondo, maji ya ndoo huamka na ngozi ya barafu,
nasi tunalala na maua.
Tumeyatandaza juu ya turubai kutoka miguuni mwa kitanda hadi mlangoni,
meupe, kichwa kwa kichwa,
kama wageni wa msiba waliokosa pa kulala.
Nje umande ungeyaozesha. Ndani kuna jiko la mkaa,
na pareto ikikauka vizuri mnunuzi hakunji uso.

Tusekile alianza na mafua.
Nani hapa hana mafua mwezi wa sita?
Mafua ni mkazi wa kijiji, amekosa kadi tu.
Kisha kikohozi, kile kikavu cha usiku,
kisha sauti kifuani, nyembamba,
kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili.
Mama mkwe akasema baridi imemwingia, mfunikeni.
Tukamfukiza majani ya mkaratusi.
Mwalyego akaleta asali ya nyuki wadogo,
mkewe akaleta mafuta ya kondoo,
kila dawa na shangazi yake aliyepona.

Nesi Atuganile alinifundisha kuhesabu.
Usihesabu akilia. Ngoja atulie,
pandisha fulana, tazama tumbo:
likipanda na kushuka, hiyo ni moja.
Dakika nzima, baba, usiibe sekunde.
Kwa miaka yake minne, ikifika arobaini, njoo.

Nikahesabu kwa saa ya simu,
mwanga nimeuziba kwa kiganja.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Sikutaka namba inayofuata, ikaja,
ikaja na wenzake hadi arobaini na saba,
na chini ya mbavu nyama ikibonyea
kana kwamba kuna mtu ndani anavuta kamba.
Nikambeba mgongoni. Ukungu ulikuwa mzito,
nilijua barabara kwa nyayo,
na birika lile likilia sikioni mwangu njia nzima.

Vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko. Akapona.
Wiki mbili, tena. Akapona.
Mara ya tatu nesi aliweka kalamu chini.
“Mnalala na nini?”
Nikasema, na mke wangu.
Benchi zima la akina mama likacheka.
Yeye hakucheka. Aliinama, akanusa kola ya shati langu.

Ua hili linaua mbu, kunguni, fukusi wa mahindi.
Tunalisifu kwa hilo.
Hatukuwahi kuuliza linamtambuaje mdudu.

Limelipa bati juu ya vichwa vyetu.
Limelipa sare za kaka yake, na deni la mbolea,
na hata ile chupa ya maji
ambayo nesi aliitoboa kitako kwa wembe,
akachomeka pampu ya buluu:
Vuta, mama. Taratibu. Kama unanusa chai.

Maua yakahamia dari la banda la mbuzi.
Jiko likahamia barazani, mama mkwe akalalamika miguu.
Mbuzi walipiga chafya siku mbili, wakazoea.
Mnunuzi aliminya ua moja kwa vidole,
akasema bado bichi, akakata bei.
Ningependa kusema nilinyamaza, kwa kuwa mtoto ni mtoto.
Nilibishana. Nilibishana mpaka mate yakakauka.
Kilo ni kilo.

Tusekile, kwa lugha ya mama yake, ni kusema tumefurahi.
Jana alifukuza ndama mpaka mtaro wa viazi,
akarudi anahema,
mke wangu akanishika mkono: acha, amekimbia tu.

Bado naamka saa nane za usiku.
Sakafu iko wazi, inanuka sabuni,
na pale turubai lilipokaa pamebaki rangi tofauti.
Naweka kiganja juu ya tumbo lake, simgusi,
nasubiri linipandie.
Ishirini na moja. Ishirini na mbili.
Mara nyingi usingizi hunichukua
kabla dakika haijatimia.